Mwosha na Safari ya Kiwangwa

Ukitaka habari za mtu aliye hai, mtaani kwetu ulikwenda kwa Mwosha. Alijua nani amenuniana na mkwewe, nani anakula mchana wa Ramadhani nyuma ya mlango, na mtoto wa nani ana pua ya jirani. Asubuhi alikaa barazani kwake, ungo mapajani, akapeta mchele na kuwapeta walimwengu kwa pamoja. Lakini ukimwuliza habari za mtu aliyekufa, maiti aliyemwosha jana tu, aliuweka ungo chini, akaomba maji ya kunawa, akauliza kama samaki wamekwisha fika sokoni. Ukimwuliza mara ya pili aliingia ndani na hakutoka mpaka uondoke.

Mimi sasa ni mzee na nimechoka. Nimechoka na magoti yangu, nimechoka na misiba, nimechoka hata na kusifiwa kwa mema ambayo sikuyafanya. Kwa hiyo nitamsema kama nilivyomjua, bila ya kumpaka rangi. Jina lake silitaji. Hata alipokuwa hai waliolitumia walikuwa wachache. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti wa kike, hapa Bagamoyo na katika vijiji vya bara, popote alipoitwa, zama hizo za Mwingereza ambapo lori lilipita mara moja kwa wiki na watu wakatoka nje kulitazama. Watu wazima walimwita Mwosha. Sisi watoto tulimwita bibi mbele yake, na nyuma yake tulitimua mbio.

Tulimkimbia kwa sababu ya harufu. Kafuri ilikuwa imemwingia katika kanga, katika nywele, hata katika mkeka wa barazani kwake, na mtoto akiinusa hukumbuka jeneza. Wanawake wazima hawakukimbia, ila kwenye sinia la pilau walikuwa na namna ya kukaa mbali kidogo na mkono wake, wakijifanya wanapisha wengine. Yeye aliona. Alimchagua yule anayejitenga zaidi, akamsogezea pande la nyama kwa vidole vyake mwenyewe na kumwambia, "Kula, mama. Mkono huu utakuja kukufaa." Watu walicheka, na yule mama akala kwa sababu hakuwa na jinsi.

Mtu akisikia kazi hii hudhani alikuwa mcha Mungu wa kutembea ameinamisha kichwa. Hata kidogo. Kwenye darsa la wanawake alisinzia mpaka akakoroma. Halua aliificha chini ya kitanda akala peke yake. Harusini alikaa mbele kabisa, na vigelegele vyake vilisikika mpaka forodhani. Mama mkubwa, dada yake mama yangu, ambaye ndiye aliyenilea, alimwambia siku moja kwamba haipendezi mtu wa kazi yake kuwa wa kwanza kwenye ngoma. Mwosha akajibu kwamba yeye ndiye hasa mwenye haki. Wenziwe wanauona mwanzo wa watu, yeye anauona mwisho wao, na akiuona mwisho bila ya kuonja mwanzo atapata wazimu. Mama mkubwa alisimulia jibu hilo mpaka uzeeni kwake, kila mara akitikisa kichwa.

Ila akiingia kwenye kazi yake alikuwa mtu mwingine. Maji aliyapima kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga, na akiyakuta ya baridi aliyarudisha jikoni hata kama wanaume wamekwisha panga safu nje. Majani ya mkunazi aliyaponda mwenyewe. Hakuruhusu mtu kulia ndani ya pazia wala kusema neno la dunia. Aliyesema ni yeye peke yake, na aliyesemezwa ni maiti. Kabla ya kumgeuza alimwomba radhi: niwie radhi, mwanangu, nakugeuza. Kabla ya kumwinua kichwa, vivyo hivyo. Mama mkubwa, aliyekuwa mmiminiaji wake wa maji kwa miaka mingi, alisema amemsikia akimwomba radhi namna hiyo mwanamke ambaye mwezi mmoja nyuma walitukanana gulioni mpaka wakaamuliwa.

Watu walimheshimu kwa ule unyamavu. Dini inataka mwosha asitiri anayoyaona, na kwetu jambo hilo ni zito, kwa sababu kwetu watu wanapenda kuuliza. Maiti akishazikwa, wanawake huuliza uso ulikuwaje. Ukiwa na nuru, kama wa mtu anayetabasamu, basi amekufa mauti mema, mumewe yu radhi naye na yeye yu radhi na mumewe, nyumba ina baraka. Ukiwa umekunjamana, watu hunyamaza na kuanza kukumbuka makosa yake. Mwosha hakuusema uso wa mtu yeyote, wenye nuru wala usio na nuru. Siri ya mtungi aijuaye kata, walisema watu, na walimsifia hilo kuliko walivyomsifia jambo jingine lolote. Hapa ndipo ninapofika kwenye safari yetu, na ningeiruka kama ingewezekana.

Nilikuwa binti wa miaka kumi hivi. Mtaani kwetu palikuwa na mama mmoja mwenye mabinti wawili, Mwajuma na Tatu. Mwajuma, yule mkubwa, alikuwa ameolewa Kiwangwa, na mwanamume mwenye mihogo na mikorosho ambaye alikwisha kufiwa na mke mmoja kabla yake. Masika moja, alfajiri, alikuja mtu wa baiskeli na habari kwamba Mwajuma amekufa kwa homa. Mama Mwajuma alitaka mwanawe aoshwe na Mwosha wa nyumbani. Mama mkubwa alikuwa amevimba mguu, hawezi kupanda gari, na Mwosha akasema basi atanichukua mimi. Mama mkubwa alishtuka. Alisema mimi ni mtoto, na huko ukweni kuna wanawake tele wa kumimina maji. Mwosha akasema hataki mwanamke yeyote wa nyumba ile ndani ya pazia lake. Hakusema kwa nini, na hapakuwa na wakati wa kubishana.

Tulipanda lori la Mhindi mmoja lililokuwa likipeleka chumvi na mafuta ya taa bara. Mama Mwajuma alikalishwa mbele kwa dereva. Mimi na Mwosha tulikaa juu ya magunia ya chumvi, na furushi lake la sanda, pamba, kafuri na ubani lilikuwa mapajani mwangu. Sikuwa nimewahi kupanda gari maishani mwangu. Kila liliporuka shimo nilicheka, kisha nikakumbuka tunakokwenda nikaona haya. Mwosha akaniambia nicheke tu, aliyekufa hakunikataza.

Kabla ya kufika gari lilizama kwenye tope mpaka nusu ya gurudumu. Dereva na utingo wake walikata matawi, wakasukuma, likazidi kukaa. Mwosha alitazama jua, akatazama barabara. Aliogopa jambo moja na alilisema waziwazi, kwamba watamwosha kabla hajafika. Mama Mwajuma hakuwa na miguu ya mwendo ule, akaachwa na gari. Mwosha akajitwika furushi, akanishika mkono, tukaanza kwenda kwa miguu. Tulikwenda sana. Tope lilivuta, kila hatua ilibidi niung'oe mguu. Nililia, akanibeba kidogo, akachoka, akaniteremsha, tukaendelea.

Adhuhuri ilipoingia alitandika kanga yake moja palepale kando ya njia, juu ya majani yaliyolowa, akasali sala fupi ya msafiri. Mimi nilizoea kwamba sala ni jambo la kutulia, la udhu safi na mkeka safi. Nikamwuliza kama sala ya haraka namna ile inafika.

"Mungu anajua tumechelewa," akasema, na tayari alikuwa anajitwika.

Nimehudhuria darsa nyingi tangu siku ile, na mengi niliyofundishwa yameniponyoka. Hilo halikuniponyoka. Nilijua, nikiwa na matope mpaka magotini, kwamba yuko anayetuona tulivyo, na kwamba yeye hangoji tuoge kwanza ndipo atutazame. Watu huniuliza imani yangu niliipata kwa shehe gani. Niliipata njia ya Kiwangwa, kwa mtu aliyekuwa akikoroma darsani.

Tulifika maiti hajaoshwa, ingawa maji yalikwisha chemshwa na mawifi walikwisha kunja mikono ya nguo zao. Mwosha hakuuliza njia ya uani. Alikwenda moja kwa moja, akafunga shuka zake, akawatoa wote. Tukabaki watatu, yeye na mimi na Mwajuma, Mwajuma juu ya kitanda cha kamba, na chini yake shimo dogo lililochimbwa kupokea maji. Aliniambia niitazame kata yangu, nisitazame kitu kingine. Nikamimina. Aliosha upande wa kuume nikatazama kata, akaosha upande wa kushoto nikatazama kata. Kisha akamwomba radhi, akamgeuza, na mimi ni mtoto, nikatazama.

Ninaweza kuyasema haya kwa sababu yalikwisha semwa mbele za watu, kama mtakavyoona. Mgongo wa Mwajuma ulikuwa na alama za fimbo, mpya juu ya za zamani, kutoka mabegani mpaka kiunoni. Sisemi kwamba alikufa kwa fimbo. Homa inaua, na masika yale iliua wengi. Kata ilinitoka mkononi ikaangukia shimoni. Mwosha aliiokota, akaisuuza, akanirudishia.

"Mimina," akasema.

Alipokwisha alimvika sanda taratibu, akatoka, akanawa, na mawifi walipomtazama usoni hawakupata kitu. Mwajuma alizikwa kabla ya jua kutua. Mama yake alifika magharibi, gari liliponasuliwa, akakuta uani kumefagiliwa.

Tulikaa siku tatu za matanga. Mwosha, ambaye kwenye msiba wowote alikula mpaka ukoko, hakutia kitu cha nyumba ile kinywani. Alisema amefunga. Magharibi alifuturu kwa jirani. Kila asubuhi aliwaogesha watoto wawili aliowaacha Mwajuma, mmoja hajaacha kunyonya, na aliwageuza polepole akiwatazama migongo. Mume alikuja kumshukuru, mtu mpole wa sauti, akiwa na macho mekundu ya kulia. Mwosha alimwitikia salamu yake kama inavyopasa, akainama kumfuta mtoto pua.

Tulirudi na lori lilelile, sasa limejaa mihogo mikavu. Safari hii Mama Mwajuma hakutaka kukaa kwa dereva, alikaa nasi nyuma. Siku tatu zote alikuwa akimzunguka Mwosha bila ya kupata neno. Njiani rejeta ilichemka, dereva akasimama, na Mwosha akashuka kwenda kusali upande wa pili wa gari. Mama Mwajuma akanigeukia mimi.

"Mwanangu alikuwaje, mama?" akaniuliza. "Uso wake ulikuwaje?"

Macho yake yalikuwa yamevimba na midomo imekauka. Hakuwa amekula tangu ile habari ya alfajiri. Nilimpenda mama yule. Vitumbua vyake vya kwanza kila asubuhi alinipa mimi. Nilijua nisiseme nilichokiona. Lakini hakuna aliyeniambia nisiseme nisichokiona.

"Ulikuwa unang'aa, bibi," nikasema. "Alikuwa kama anacheka."

Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akalia, akamshukuru Mungu, akalia tena. Nami nilijisikia vizuri. Hilo ndilo linalonichosha mpaka leo, kwamba nilijisikia vizuri. Mwosha aliporudi alimkuta ametulia kwa mara ya kwanza, anatafuna kipande cha muhogo. Alitutazama sote wawili, akapanda juu ya magunia, akajifunika kanga kichwani mpaka tunaingia Bagamoyo.

Baada ya miezi minne yule mume wa Mwajuma alituma wazee kumposa Tatu. Alikuwa na watoto wawili wadogo, na kwetu si ajabu mdogo wa marehemu kwenda kuwalea wana wa dada yake. Watu huona ni afadhali kuliko mama wa kambo. Tatu alikuwa na miaka kumi na sita. Alimwambia mama yake kwamba anaogopa. Mama yake akamwuliza anaogopa nini, na dada yake amekufa uso unang'aa? Nyumba iliyompa mtu mauti kama yale ni nyumba ya heri.

Maneno yangu niliyasikia yakizunguka mtaa mzima, kutoka kisimani mpaka gulioni, na yalinenepa njiani. Sasa Mwajuma alikuwa pia ametoa harufu ya miski. Nilitaka kumwambia mama mkubwa. Nilifika mlangoni kwake mara tatu, nikarudi mara tatu, kwa sababu niliogopa kuchapwa kwa uongo wangu. Mimi niliogopa fimbo mbili za mkononi, na nilijua Tatu anakwenda kwenye fimbo gani.

Siku ya kujibu posa wanawake walikusanyika kwa Mama Mwajuma. Mimi nilikuwa nikigawa visheti. Mwosha alikaa mbele kama kawaida yake, ila siku hiyo hakumtania mtu, na nilipompa kisheti hakukila. Mama Mwajuma akasema amefikiri, ameomba, na jibu lake ni ndiyo. Mwosha akaweka kikombe chini.

"Tatu asiende," akasema. "Mwajuma nilimgeuza mimi, kwa mikono hii. Mgongoni kwake hapakuwa na mahali pa kuweka kiganja pasipo alama ya fimbo."

Mama Mwajuma alisimama. Hakupiga kelele, hakumtukana. Alimtazama Mwosha kwa muda, kisha akanitazama mimi na sahani yangu.

"Umemvua nguo mwanangu mbele za watu," akamwambia Mwosha, akaingia ndani.

Jibu lililokwenda Kiwangwa lilikuwa hapana. Tatu aliolewa baadaye na mkulima wa Mapinga, akazaa, akanenepa, na kila Idi alipokuja kwao alipita upande wa pili wa njia asiuone mlango wa Mwosha. Mama yake hakumsamehe Mwosha mpaka anaingia kaburini. Aliyaamini maneno yake palepale, na nadhani ndiyo sababu hakuweza kumsamehe. Mimi hakuniuliza kitu tena. Vitumbua aliendelea kunipa, nami nikaendelea kuvila.

Toka siku hiyo Mwosha hakuosha tena. Wapo waliosema amekatazwa na mashehe. Wapo waliosema alihongwa na mtu mwingine aliyemtaka Tatu. Wengi waliona ameacha kwa aibu ya kuvunja amana, nami nilikuwa mmoja wao. Mwosha huoshwa, walisema kwa kumkomoa, tutaona na yake yatakavyosemwa. Yeye hakujitetea. Misibani alikuja, lakini alikaa nje na watoto, mikono mapajani. Mkunazi wa uani kwake aliendelea kuupukutisha, akaponda majani, akamtuma mtoto ayaache kwenye mlango wa mwosha aliyemfuata bila ya kusema yametoka wapi. Barazani kwake watu wakawa hawasimami, na habari za walio hai nazo akawa hana wa kumpa.

Hivyo ndivyo nilivyokua, nikimwona kila siku na nisimwambie neno. Nilimpelekea maji, nilimpelekea samaki, nilimpelekea mtoto wangu wa kwanza ambariki. Watu waliniona nina utu. Mtu mwenye deni la maneno hutoa kila kitu isipokuwa maneno.

Miaka ishirini na zaidi ikapita. Yule mwosha wa pili akafa, na wanawake wa mtaa wakaja kwangu. Walisema mama mkubwa alikuwa mmiminiaji, nimelelewa karibu na kazi, nina mkono mtulivu na nina dini. Niliwakatalia. Sikuwaambia kwamba kila nilipofikiri kuingia nyuma ya pazia niliisikia sauti yangu ya kitoto ikisema ulikuwa unang'aa. Walirudi mara ya pili nikakataa. Walipokuja mara ya tatu palikuwa na maiti wa binti mdogo aliyelazwa tangu asubuhi akingoja mwosha kutoka mbali, na mama yake alikuja mwenyewe kunishika miguu. Nikamwambia anipe saa moja. Nikaenda kwa Mwosha.

Nilimkuta ndani, juu ya kitanda, macho yamemwisha karibu yote. Alinitambua kwa mwendo. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza kama nimeleta halua. Siku hiyo nilikuwa nimekuja mikono mitupu. Akasema basi nikae nimpe habari za watu.

Nikakaa sakafuni nikampa habari yangu. Nilimwambia yote: kwamba uongo wa uso ule ulikuwa wangu, kwamba bila ya mimi mama yule huenda asingeikubali posa, na yeye asingelazimika kusema, na asingeipoteza kazi yake na watu wake. Nilisema nikitazama mkeka. Nilitegemea anifukuze, na kusema kweli nilitamani anifukuze.

"Nilikusikia," akasema. "Nilikuwa nimekwisha toa salamu ya sala. Nilikaa nyuma ya gurudumu nikakusikiliza."

Nikamwuliza mbona hakunikanya, mbona hakurudi akasema mtoto huyu anadanganya.

"Yule mama alikuwa hajala siku nne," akasema. "Nami uongo wako ulinipumzisha kidogo."

Akageukia ukutani, nikadhani amesinzia. Alipoanza tena sauti yake ilikuwa chini. Alisema nisijitwike mzigo wa mtu mwingine, hakuacha kuosha kwa sababu ya kusema. Mke wa kwanza wa mwanamume yule wa Kiwangwa, aliyekufa kabla ya Mwajuma, aliyeitwa kumwosha alikuwa yeye mwenyewe, Mwosha. Ni uani palepale, juu ya kitanda kilekile. Alimgeuza akaona. Akamfunika, akatoka, akanawa, akanyamaza kama dini inavyotaka, na wanawake wakamsifu njia nzima ya kurudi. Mwaka uliofuata akasikia Mwajuma anaolewa huko. Alijiambia labda amebadilika. Alijiambia amana ni amana.

"Harusini nilikwenda," akasema. "Nilikaa mbele. Nilipiga vigelegele."

Nje mtu alipita akiuza samaki, akaita bei, akapotea. Nikamwambia kwamba kuna binti amelazwa tangu asubuhi, kwamba mama yake amenishika miguu, na kwamba sijui, nikimgeuza nikaona kitu, nifanye nini.

"Hata mimi sijui, mwanangu," akasema. "Nilinyamaza, Mwajuma akaolewa. Nilisema, nikamuumiza mama wa watu mpaka kaburini. Ningemwendea peke yake, mlango umefungwa, ingekuwa afadhali. Nilichelewa mpaka yakanitoka mbele ya kadamnasi. Wewe usichelewe tu, mengine utakosea kwa njia yako."

Kisha akajisogeza katikati ya kitanda, akajinyoosha, akaweka mikono ubavuni na kufumba macho. Alisema mama mkubwa alinifundisha kumimina tu, kushika sijui, na yeye akishakufa hataweza kunisahihisha, kwa hiyo niinuke nianze upande wa kuume. Nikasita. Akaniambia niharakishe, yule binti anangoja. Nikainuka nikaushika mkono wake. Ulikuwa mwepesi na una joto.

"Chini kidogo," akasema bila ya kufumbua macho. "Shika hapo penye kiwiko. Maiti hatakwambia kwamba unamuumiza."